Kabila haliwagawi Watanzania, ukuta wa fensi je?

KWA zaidi ya miaka 60 sasa, hotuba za viongozi wa Tanzania zimekuwa na aya moja isiyokosekana: kwamba nchi hii ina makabila zaidi ya 120, ina Waislamu, Wakristo na wenye imani za jadi, lakini watu wake wanaishi kama ndugu.

Aya hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba huusimulia udugu huo kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni, au kana kwamba ni tabia waliyozaliwa nayo Watanzania na kunyimwa majirani zao.

Historia inaonyesha vinginevyo. Udugu huo ulitengenezwa, tena kwa gharama. Ulitengenezwa kwa sheria na amri za serikali, kwa mabweni ya shule, kwa uhamisho wa watumishi wa umma na kwa nyumba za kupanga ambamo wageni kutoka kila pembe ya nchi walilazimika kutumia choo kimoja.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua hali ya mshikamano wa Watanzania leo hana budi kuyaacha majukwaa kwa muda. Aangalie ni mahali gani watu wa asili tofauti bado wanakutana kila siku bila kuchagua, na ni nani kati yao ameshapata uwezo wa kutokutana na wenzake.

Jijini Dar es Salaam, mahali pa kwanza pa kuangalia ni uani. Sehemu kubwa ya Magomeni, Ilala, Temeke, Buguruni, Manzese na Tandika ilijengwa kwa nyumba ya aina moja: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, baraza mbele, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Kila chumba kina familia yake, na mara nyingi mwenye nyumba naye anaishi humo humo.

Mwenye nyumba wa aina hiyo haulizi sana kabila. Anachouliza ni kama mpangaji anaweza kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ndivyo fundi seremala wa Kinyakyusa anavyojikuta ukuta mmoja na muuza samaki wa Kizaramo, mama lishe wa Kipare na kondakta wa daladala wa Kimakonde.

Watu hao hawakuhudhuria semina yoyote ya kuvumiliana. Wamefundishwa na zamu: zamu ya kufagia uani, zamu ya kuosha choo, zamu ya kuamka alfajiri kusubiri maji. Shimo la choo likijaa wote huchanga, na hakuna dini inayomsamehe mtu mchango huo.

Hata majina hubadilika. Mwanamke aliyekuja mjini akiwa na jina la ukoo linalomtambulisha kuwa mtu wa Kigoma au Newala hugeuka kuwa Mama Asha au Mama Neema, na baada ya miaka mitano majirani wengi hawajui tena asili yake. Mtoto wa uani humwamkia shikamoo kila mtu mzima wa nyumba ile, na mtu mzima yeyote ana ruhusa ya kumkanya.

Ugomvi upo, tena wa kila siku. Mkubwa kuliko wote ni wa Luku. Mita ni moja, wapangaji ni sita, na umeme hulipiwa kabla ya kutumika. Mwenye friji achange kiasi gani, na mwenye taa moja na redio achange kiasi gani? Anayepiga pasi kila asubuhi je? Na aliyesafiri wiki mbili akarudi na kukuta jina lake bado liko kwenye orodha ya mchango?

Linalopaswa kuzingatiwa katika ugomvi huo ni jinsi unavyowapanga watu. Mgogoro wa Luku huwaweka wenye friji upande mmoja na wasio nayo upande mwingine. Hauwapangi Wahaya huku na Wasukuma kule. Leo mpangaji yuko na jirani yake dhidi ya mwenye nyumba, kesho yuko na mwenye nyumba dhidi ya jirani huyo huyo. Katika mazingira ambamo wapinzani hubadilika kila juma, chuki ya kudumu dhidi ya kabila zima hukosa mahali pa kuota.

Mambo ya dini nayo yana utaratibu wake, ingawa haujaandikwa popote. Mwezi wa Ramadhani jirani Mkristo hupunguza kukaanga uani mchana. Jua likizama hupelekewa sahani ya futari, na Krismasi sahani huvuka korido kwa upande wa pili. Kuku wa sikukuu ya Mkristo huchinjwa na jirani Mwislamu ili kila atakayefika aweze kula.

Uzito wa utaratibu huo mdogo huonekana pale unapotiliwa shaka. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mabishano kuhusu nani ana haki ya kuchinja yalifikia umwagaji damu na mchungaji mmoja akauawa. Miezi michache kabla, Oktoba 2012, ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani huko Mbagala uliishia kwa makanisa kuchomwa moto.

Wengi walishangaa wakati ule. Lakini jambo lililokaa kwa mazoea tu kwa miongo mingi, bila kuzungumzwa kati ya viongozi wa dini wala mahali pengine, hukosa wa kulieleza siku linapoulizwa. Kwa nini achinje huyu na si yule? Waliokuwa wakila nyama ile maisha yao yote hawakuwa na jibu zaidi ya kusema ndivyo ilivyo.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo mshikamano wa mjini huonekana kwa ukamilifu kama msibani.

Mtu akifariki dunia Tandika, kabla ndugu zake wa Mtwara au Singida hawajapata taarifa, majirani huwa wameshaanza kazi. Turubai hufungwa, hata kama litaziba njia. Viti na mabenchi hukusanywa nyumba kwa nyumba. Kina mama huingia jikoni na masufuria yao, na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka hukabidhiwa daftari la michango.

Hapo ndipo mtu wa Bukoba hujifunza kuwa Mwislamu huzikwa mapema iwezekanavyo, hivyo kazi ya sanda na kaburi haisubiri ndugu wa mbali. Mtu wa Rufiji naye hujifunza kuwa jirani yake Mchaga atasafirishwa kwenda kuzikwa Kilimanjaro, na kwamba jeneza na basi ndivyo vitakavyomeza sehemu kubwa ya mchango. Kila mmoja huuona utaratibu wa mwenzake kuwa wa ajabu kidogo, lakini huchanga.

Kisha wapo watani. Wahehe na Wangoni, ambao mababu zao walipigana vita vikali karne ya 19, leo wanataniana. Vivyo hivyo Wanyamwezi na makabila waliyokutana nayo katika njia za misafara ya biashara kuelekea pwani, Wazaramo wakiwamo. Mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu, kuvaa nguo zake na kuiga mwendo wake, au kulala njiani kuzuia jeneza hadi apewe chochote. Mgeni anayeshuhudia kwa mara ya kwanza hudhani ni ukosefu wa adabu, wakati waliofiwa hupata nafasi ya kuvuta pumzi.

Daftari la michango nalo halitupwi. Siku mwingine akifiwa hufunguliwa, na hapo hujulikana nani alitoa nini na nani hakuonekana kabisa. Asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake hupata jibu lake siku yake inapofika, turubai likiwa na watu wachache. Mshikamano wa aina hii una sura ya deni, na kila mtu hujua anadaiwa na nani.

Serikali ya awamu ya kwanza ilielewa kuwa watu hawashikamani kwa kuambiwa tu washikamane. Mwaka 1963 iliondoa mamlaka ya machifu. Mwaka huo huo ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambalo baadaye vijana wasomi walitakiwa kulipitia kwa lazima. Wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga mpango huo Oktoba 1966, Rais Julius Nyerere aliwafukuza mamia kati yao na kuwarudisha makwao.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka mikononi mwa serikali shule zilizokuwa za madhehebu ya dini. Kijana wa Songea akapelekwa kusoma Tabora, wa Tabora akapelekwa Moshi, wa Moshi akapelekwa Mtwara. Mwalimu, mganga na bwana shamba walipangiwa mikoa ambayo hawakujua neno la lugha ya wenyeji, wakabaki na Kiswahili. Wengi walioa na kuolewa huko huko.

Serikali iliacha hata kuhesabu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwauliza wananchi kabila na dini zao. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligomea sensa wakitaka swali la dini lirudishwe, lakini halikurudi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao 5,383,728 wakiwa Dar es Salaam, na hakuna karatasi ya serikali inayosema wangapi ni wa kabila gani.

Matokeo ya kazi hiyo yaliwahi kupimwa. Mwaka 2004 mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za maeneo ya Ziwa Victoria: Busia nchini Kenya na Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoani Shinyanga. Alichokiangalia kilikuwa jambo la kawaida kabisa, yaani kiasi ambacho wananchi huchangia shule zao za msingi.

Busia, palipokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila michango ilikuwa midogo zaidi. Meatu, mchanganyiko wa makabila haukuonekana kupunguza michango. Mtafiti huyo alihusisha tofauti hiyo na njia ambazo serikali mbili zilizifuata baada ya uhuru katika lugha, shule na utawala wa vijijini.

Miaka mitatu baadaye Kenya iliingia katika machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliyoua watu zaidi ya 1,100, na mwaka 2008 ikatunga sheria ya kuunda Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano. Watanzania wengi walijilinganisha na jirani yao na kujipongeza.

Pongezi hizo zilisahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba si wote walioulipia umoja huo kwa bei moja. Wazazi wa Kilimanjaro na Kagera, waliokuwa wamechangia shule kwa jasho lao, waliona nafasi zikigawiwa kwa mgawo wa mikoa. Waislamu wengi nao waliona kuwa kutaifishwa kwa shule hakukufuta pengo lililoachwa na ukoloni katika elimu na ajira, na malalamiko hayo yamewafuata viongozi wa awamu zote.

Wapo pia Watanzania wenye asili ya Asia. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na walioathirika zaidi walikuwa wao. Wengi walihama nchi. Waliobaki wakaendelea na maduka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakasikia neno "gabacholi" likitamkwa katika mikutano ya hadhara kama jina lao.

Kwa mfanyabiashara wa Kihindi ambaye babu yake alizaliwa Kariakoo au Upanga, neno mshikamano lina ladha tofauti na ile ya uani Tandika. Kiswahili anakijua, mteja anamjua, na mpira wa Simba na Yanga anaubishania kama wengine. Lakini bado huulizwa anatoka wapi, na akijibu kuwa anatoka Dar es Salaam swali hurudiwa. Ni haki pia kusema kuwa milango ya nyumba nyingi za jamii hiyo imebaki migumu kwa mgeni, na ndoa ya Mhindi na Mwafrika bado ni habari ya kuzungumzwa mtaa mzima.

Jambo la pili lililosahauliwa ni zito zaidi. Vyombo vile vya kuwakutanisha watu vilipoanza kulegea, havikuwekewa mbadala.

JKT kwa mujibu wa sheria ilisitishwa mwaka 1994. Iliporejeshwa mwaka 2013, makambi hayakuwa na uwezo wa kuwachukua wahitimu wote wa kidato cha sita. Kuanzia mwaka 2006 zilijengwa shule za sekondari za kata kwa kasi kubwa. Zimewapa nafasi watoto wengi ambao wasingeipata, na anayezibeza anasahau jinsi nafasi za sekondari zilivyokuwa chache. Hata hivyo, mtoto wa kata husoma na watoto wa kata. Yule wa Songea aliyekuwa akijikuta Tabora akiwa na miaka 14 sasa hutembea kwa miguu kwenda shule na kurudi kwa mama yake jioni.

Mtoto wa mwenye uwezo haonekani huko. Basi la njano humfuata getini alfajiri na kumpeleka kwenye shule inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Katika baadhi ya shule hizo mtoto akisikika akiongea Kiswahili huadhibiwa au kuvishwa kibao shingoni. Lugha iliyotumika kuyaunganisha makabila zaidi ya 120 imekuwa kosa la kuadhibiwa kwa watoto wa tabaka moja, na wazazi wanalipa ada kwa huduma hiyo.

Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa waziwazi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likatenganisha mji wa Wahindi na mji wa Waafrika. Maneno hayo hayakufa, yalibadili maana tu. Mtu akisema leo kuwa fulani anaishi uswahilini hazungumzii rangi wala kabila. Anazungumzia kipato, na mara nyingi anazungumza kwa dharau.

Mpaka wa siku hizi hauhitaji sheria ya mkoloni. Ni ukuta wa matofali wenye nyaya za umeme au vipande vya chupa juu yake, na geti la chuma ambalo hufunguliwa kwa honi. Unapatikana Mbezi Beach, Mikocheni, Goba na Bunju, na ndani yake wanaishi Mchaga, Mhaya, Mzanzibari na Mnyakyusa wanaopatana vizuri sana. Kikabila, mitaa hiyo imechanganyika sawa na Manzese. Kwa kipimo cha hotuba za jukwaani, mitaa hiyo imefaulu.

Lakini mita yao ya Luku ni ya kila nyumba. Maji yana kisima au tangi. Tangu huduma za pesa kwa simu zilipoenea baada ya mwaka 2008, rambirambi nayo hutumwa kwa simu, na mtumaji hahitaji kukaa kwenye mkeka. Msiba ukitokea kwao wapishi hukodishwa. Hawana ubaya na mtu, na hawadaiwi na mtu.

Wanaovuka ukuta huo kila siku ni wachache, na wote huvuka kwa kuajiriwa. Yupo dada wa kazi kutoka Iringa, Dodoma au Singida, ambaye hulala ndani ya nyumba, hulea watoto na hujua siri zote za familia, lakini sahani yake mara nyingi iko jikoni. Huitwa dada. Watoto wakikua na kwenda chuoni, yeye hurudi kijijini akiwa na begi alilojia nalo.

Yupo pia mlinzi Mmasai, anayelala kibandani getini na kuchemsha chai yake hapo. Wakazi wa mjini humwita "yero", humwamini na nyumba zao na hupiga naye picha. Wengi wao hawaunganishi sura hiyo na habari za migogoro ya wakulima na wafugaji wilayani Kilosa, ambako Desemba 2000 wakulima zaidi ya 30 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Mmasai wa getini haligombei jambo lolote na mwenye nyumba. Yule wa Kilosa anagombea maji na malisho, na hapo udugu wa hotubani haujatosha.

Kuna muuza duka vilevile. Kila mtaa una duka liitwalo "kwa Mangi" au "kwa Mpemba", na jina hilo la asili hutamkwa bila nia mbaya. Uswahilini Mangi ana daftari la madeni, humkopesha mpangaji unga hadi mwisho wa mwezi, hivyo analazimika kumjua: anafanya kazi wapi, analipwa lini, mtoto wake anaumwa nini. Kwenye supamaketi ya Masaki hakuna daftari.

Baadhi ya wachambuzi hudai kuwa haya ni mambo ya kawaida ya mji unaokua, na kwamba kila tajiri duniani hujenga ukuta. Hoja hiyo ina ukweli wake. Tofauti ni kwamba Tanzania ilijinadi kwa ulimwengu kwa umoja wa wananchi wake, na umoja huo ulitokana na kukutana. Nchi nyingine zina vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, mahakama zinazokimbiliwa au magazeti yasiyoogopa, ambavyo hubeba ugomvi wa wenye nacho na wasio nacho. Hapa mzigo huo ulibebwa kwa sehemu kubwa na uani, bweni na turubai.

Oktoba 29, 2025 ilionyesha ufa ulipo. Siku ya uchaguzi mkuu maandamano na ghasia vilizuka Dar es Salaam na miji mingine. Watu walipoteza maisha, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa jijini na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka huo zilifutwa.

Mengi yamesemwa na yataendelea kusemwa kuhusu siasa za siku zile. Kwa mada hii linatosha jambo moja: hasira ile haikumtafuta Mchaga wala Msukuma. Vilivyochomwa vilikuwa vituo vya mafuta, vituo vya polisi, ofisi za serikali na vituo vya mabasi ya mwendokasi. Katika mitandao walijitokeza watu waliojaribu kuuvisha mgogoro huo kanzu au msalaba, na bado wapo. Lakini waliokuwa barabarani walikuwa zaidi vijana wa mitaa ya vyumba vya kupanga, wa makabila yote na dini zote.

Kwa maneno mengine, vijana wale walikuwa na mshikamano. Walishikamana wenyewe kwa wenyewe, kama uani ulivyowafundisha. Waliokuwa nyuma ya mageti nao walishikamana, wakipeana taarifa za wapi kuna mafuta na wapi kuna mkate. Umoja ulikuwapo pande zote mbili za ukuta, ila ulikuwa umoja wa aina mbili usiojuana.

Serikali na halmashauri zina nafasi ya kufanya jambo, kwani mji bado unajengwa. Mfano wa karibu ni Magomeni Kota. Wakazi wa kota zile za zamani waliondolewa, nyumba zikavunjwa, na baada ya kusubiri kwa miaka mingi kaya 644 zikarudi katika maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022. Kila familia sasa ina jiko na choo chake, na hakuna mwenye akili timamu atakayewatakia warudi kwenye zamu ya choo.

Lakini ghorofa la aina hiyo lina ngazi, lifti, taka za pamoja na eneo la chini ambalo ni la wote. Mchora ramani hukumbuka maegesho ya magari. Mara chache hukumbuka kwamba mtu akifia ghorofa ya saba turubai litahitaji mahali pa kufungwa, na masufuria makubwa yatahitaji mahali pa kuwekwa motoni.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inataka wamiliki wa nyumba katika jengo moja wawe na chama cha kusimamia maeneo yao ya pamoja. Inazungumzia wamiliki. Mpangaji wa chumba, mlinzi wa getini na dada wa kazi wa ghorofa ya tano, ambao ndio wanaotumia ngazi na ua huo kuliko mtu mwingine yeyote, hawana kiti katika kikao hicho.